Kusikia kwa Macho: Viziwi katika Historia ya Elimu ya Masafa

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuatia ikawa miaka ya redio. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikaja ile ya Chakula ni Uhai. Vijijini wananchi walijikusanya vikundi vikundi, chini ya mwembe au barazani pa shule, redio ikiwa juu ya meza na kijitabu mkononi mwa kiongozi wa kikundi. Walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Katika Mtu ni Afya peke yake walishiriki watu wapatao milioni mbili. Hapakuwa na majengo wala walimu wa kutosha kuwapokea darasani watu wengi kiasi hicho. Elimu ilipita hewani ikawafuata walipo. Ndiyo maana twasema kwamba elimu ya masafa si mgeni katika nchi yetu.

Tulikuwa watoto wakati huo, tukiruhusiwa kukaa nyuma ya wakubwa mradi tusipige kelele. Katika kikundi cha kijijini kwetu alikuwamo mama mmoja kiziwi. Hakukosa kipindi. Redio iliposema, yeye alitazama nyuso za waliosikiliza. Watu walipocheka, naye alicheka, akiwa nyuma yao kidogo. Kijitabu kilipofunguliwa alisogea mbele, akaweka kidole juu ya picha, akauliza kwa mikono. Jirani yake alimwonyesha kiganja: ngoja. Kipindi kilikwisha, watu wakatawanyika, na kiganja kile hakikufuatiwa na maelezo yoyote. Mama yule alichimba choo chake kama wengine, kwa kuwa aliona wengine wanachimba. Kwa nini kilichimbwa, hakuna aliyemwambia.

Siku hizi elimu ya masafa haiji tena kwa redio na posta pekee. Huja kwa mtandao wa intaneti, kwa kompyuta na kwa simu ya mkononi. Wapo wasemao kwamba chombo hiki kitamaliza shida ya viziwi. Wapo pia wasemao kwamba ni anasa ya mijini. Katika makala haya tutaipitia historia ya elimu ya viziwi, ya ugenini na ya kwetu, ili tuone ni njia zipi ziliwafungulia mlango na ni zipi ziliufunga. Kisha tupime mtandao waweza kuwapa nini, na kwa masharti gani.

Maana ya neno kusikia

Yafaa tuanze na lugha yetu wenyewe. Mswahili husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu, na husikia harufu ya pilau kutoka nyumba ya jirani. Mgeni akielewa maneno yetu twasema huyu anasikia Kiswahili. Basi kusikia, kwa asili ya lugha hii, si kazi ya sikio peke yake. Ni kupata habari ya jambo kwa mlango wowote wa fahamu, na kuifahamu.

Lakini methali zetu zimelibana neno hilo. Twasema, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Twasema tena, Sikio la kufa halisikii dawa. Hapo kutosikia kumekuwa ukaidi, na asiyesikia amekuwa mtu wa kupotea. Wazee walikusudia mkaidi, hawakumkusudia kiziwi. Hata hivyo mazoea ya ulimi huvuta mazoea ya moyo. Tumeona watoto viziwi wakichapwa kwa kutoitika walipoitwa. Tumewasikia watu wazima wakimwita kiziwi bubu, na bubu akihesabiwa kuwa sawa na mjinga. Kumbe kiziwi asiyesema kwa kinywa aweza kuwa na lugha kamili mikononi mwake, na methali ya kumfaa ipo siku zote: Mwenye macho haambiwi tazama.

Tena viziwi si kundi la namna moja. Yuko aliyezaliwa hasikii, ambaye lugha yake ya kwanza ni ya alama. Yuko aliyepoteza usikivu baada ya kujua kusema na kusoma, pengine kwa homa ya uti wa mgongo au kwa maradhi ya sikio yaliyopuuzwa. Yuko asikiaye kwa shida, ambaye kifaa cha kusikilizia humsaidia. Na yuko mzee ambaye umri umemfunga masikio kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kadiri fulani, na kati yao watu wapatao milioni 430 wana upungufu mkubwa unaohitaji msaada wa kitaalamu. Mwalimu asemaye nitawafundisha viziwi, hapana budi kwanza aulize: viziwi gani?

Kalamu, mikono na kinywa

Kwa karne nyingi wenye elimu wa Ulaya waliamini kwamba asiyesikia hawezi kufundishika, kwani walidhani fikira haiwezi kuwako pasipo sauti. Imani hiyo ilianza kuvunjwa nchini Hispania katika karne ya 16, pale mtawa Pedro Ponce de León alipowafundisha wana viziwi wa mabwana wakubwa kusoma, kuandika na kusema. Mwaka 1620, mjini Madrid, Juan Pablo Bonet alichapisha kitabu chenye picha za herufi zinazofanywa kwa vidole vya mkono. Elimu hiyo, hata hivyo, ilikuwa ya matajiri. Mtoto kiziwi wa mkulima alibaki na mbuzi malishoni.

Aliyeifanya kuwa elimu ya umma ni padri Charles-Michel de l'Épée wa Paris. Karibu na mwaka 1760 alikutana na mabinti wawili viziwi waliozaliwa nyumba moja, akaanza kuwafundisha. Kisha akafungua mlango kwa wengine bila kuwatoza karo. Busara yake ilikuwa hii: hakuanza kwa kuwapa viziwi lugha, bali alianza kwa kujifunza alama walizokuwa nazo tayari, akazitumia kuwafikisha kwenye Kifaransa cha kuandika. Alipofariki mwaka 1789 shule yake ilikuwa mashuhuri, na mwaka 1791 ikawa mali ya taifa.

Kutoka Paris mbegu ilivuka bahari. Mwaka 1816 Thomas Hopkins Gallaudet, Mmarekani aliyekuja Ulaya kutafuta ujuzi huo, alirudi kwao pamoja na Laurent Clerc, mwalimu kiziwi wa shule ile ya Paris. Ndani ya merikebu Clerc alijifunza Kiingereza kwa Gallaudet, na Gallaudet akajifunza alama kwa Clerc. Mwaka 1817 walifungua shule mjini Hartford. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyoiruhusu taasisi ya viziwi ya Washington kutoa digrii. Taasisi hiyo ndiyo inayoitwa leo Chuo Kikuu cha Gallaudet.

Sambamba na njia ya mikono ilikuwapo njia ya kinywa. Samuel Heinicke, aliyefungua shule mjini Leipzig mwaka 1778, alishika kwamba kiziwi afundishwe kutamka na kuisoma midomo ya wasemao. Njia zote mbili zilikuwa na faida zake, na pengine zingeweza kukaa pamoja kwa amani. Lakini mwaka 1880 ulikutanika mjini Milan mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi. Wajumbe, ambao karibu wote walikuwa watu wenye kusikia, walipiga kura kwamba njia ya kinywa tupu ndiyo bora na kwamba alama ziondolewe mashuleni. Katika nchi nyingi walimu viziwi walipoteza kazi. Watoto walikatazwa kutumia mikono, wengine wakiadhibiwa kwa kuitumia, na saa za hesabu na za historia zikaliwa na mazoezi ya kutamka. Ilipita miaka 130 kabla ya kosa hilo kukiriwa: mwaka 2010, katika mkutano wa namna ile ile uliofanyika Vancouver, maazimio ya Milan yalikataliwa na masikitiko yakatolewa.

Sisi tuliotawaliwa twaijua habari hii hata kabla ya kusimuliwa. Palikuwa na shule nyingi katika Afrika ambamo mtoto aliyesema lugha ya mama yake alivishwa kibao shingoni. Kumnyima mtu lugha yake kwa kudai kwamba unampa iliyo bora ni jambo moja, liwe limefanywa kwa ulimi au kwa mkono.

Chombo kilichofunga na chombo kilichofungua

Hapa historia ina funzo ambalo twaomba vijana walishike. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa na uziwi; mkewe alikuwa kiziwi tangu utoto. Alikuwa pia mtetezi mkubwa wa njia ya kinywa. Chombo kilichotoka mkononi mwa mtu huyo kikawa ndicho chombo kilichomtenga kiziwi kuliko vyote: biashara, ofisi na habari za haraka zikahamia kwenye simu, naye akabaki nje. Hali hiyo ilidumu karibu miaka 90. Mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa kiziwi, akishirikiana na wenzake, alitengeneza kifaa kilichowezesha mashine za kuandikia kuzungumza kwa waya wa simu, herufi zikisafiri badala ya sauti. Viziwi walikusanya mashine kuukuu zilizotupwa na makampuni, wakazitengeneza wenyewe na kuzigawana.

Miaka michache baadaye ulianza kujengwa mtandao wa kompyuta. Mmoja wa wabunifu wake wakuu, Vinton Cerf, ambaye pamoja na Robert Kahn walitoa mwaka 1974 maelezo ya kanuni ambazo intaneti huendeshwa kwazo hadi leo, ni mtu asikiaye kwa shida, na mkewe alikuwa kiziwi. Barua za kompyuta zilimfaa kwa sababu hazikumtaka ategee sikio. Katika televisheni vilevile mambo yalianza kubadilika: mwaka 1972 kipindi cha mapishi kilichotengenezwa Boston kilirushwa nchini Marekani kikiwa na maandishi chini ya picha, na mwaka 1980 ikaanza huko huduma ya maandishi ambayo mtazamaji huyafungua akiyahitaji. Mwaka 2009 YouTube ilianza kuandika maneno ya video kwa mashine, kazi iliyoongozwa na mhandisi kiziwi, Ken Harrenstien.

Funzo ni kwamba chombo hakina huruma wala chuki. Simu ilipotengenezwa pasipo kumfikiria kiziwi, ilimfungia nje. Viziwi walipokuwa miongoni mwa watengenezaji, mlango ulifunguka. Swali la kuuliza mbele ya kila chombo kipya ni nani aliketi mezani siku kilipopangwa.

Masomo kwa posta: habari za Andrew Foster

Kabla ya mtandao ilikuwapo posta, nayo ilikuwa rafiki wa viziwi kuliko redio. Barua haina sauti. Anayesoma kwa posta, awe anasikia au hasikii, hupokea somo lile lile kwa macho yale yale. Sisi wenyewe, baada ya kumaliza sekondari na kuingia kazini, tulijaribu masomo ya jioni kwa njia ya posta, na twakumbuka jinsi bahasha ya kahawia ilivyongojewa. Siku ile hatukufikiri kwamba huenda mwenzetu mmoja katika kozi ile alikuwa kiziwi. Na hapakuwa na namna ya kujua. Huo ndio usawa wa karatasi.

Kielelezo bora ni Andrew Foster, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Alabama, akapoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka 11. Ubaguzi wa rangi ulimfungia milango ya shule za sekondari za viziwi. Alifanya kazi kiwandani, akasoma kwa posta, na mwaka 1951 akapata cheti chake cha sekondari. Mwaka 1954 akawa Mweusi wa kwanza kupata digrii ya Gallaudet. Mwaka 1957 alikwenda Ghana, akafungua shule ya viziwi mjini Accra. Na kutoka hapo, kwa muda wa miaka 30, alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali za Afrika, ikiwamo Zaire ya wakati ule, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alifariki tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda.

Tulitafakari neno moja. Mtu huyu alipata elimu yake ya sekondari kwa masafa, peke yake, akiwa na kalamu. Lakini alipotaka kuwapa wengine elimu, hakuwapelekea bahasha. Aliwajengea shule na kuwakusanya. Kwa nini? Kwa sababu yeye alipopatwa na uziwi alikuwa tayari na lugha. Watoto aliowakuta hawakuwa na lugha yoyote, na lugha haiji kwa posta.

Jambo hilo lilithibitika kwa namna ya ajabu nchini Nikaragua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto viziwi, ambao kila mmoja alikuwa amekaa peke yake kwao, walikusanywa katika shule mjini Managua. Walimu hawakuwafundisha alama. Watoto wenyewe, katika uwanja wa michezo na ndani ya basi, walichanganya ishara za nyumbani kwao mpaka ikazaliwa lugha mpya, na watoto wadogo waliofuata wakaipa sarufi iliyokamilika zaidi. Wanaisimu hawakuwa na sababu tena ya kubisha yale aliyoyaonyesha William Stokoe mwaka 1960, kwamba lugha ya alama ni lugha kamili, yenye sehemu zake na kanuni zake, wala si maigizo. Nchini Ghana, katika kijiji cha Adamorobe ambako uziwi wa kurithi ulikuwa wa kawaida, lugha ya alama ilizuka bila shule yoyote, na wenye kusikia wakaitumia pamoja na viziwi. Kwa hiyo Mwafrika hakungoja padri wa Paris ili ajue kusema kwa mikono.

Afrika Mashariki

Katika nchi zetu shule za viziwi ni za juzi. Nchini Kenya zilianza mwaka 1961, huko Nyang'oma na Mumias. Tanzania ilipata shule yake ya kwanza mjini Tabora mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki. Na mwaka 1974 ikafunguliwa shule ya Buguruni, Dar es Salaam. Nyingi katika shule za mwanzo zilirithi njia ya kinywa. Lakini mwalimu alipogeuka kuandika ubaoni mikono ilisema, na usiku bwenini mikono ilisema zaidi. Hivyo ndivyo Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo wengi huiita LAT, ilivyokua: si kwa amri ya ofisi, bali kwa mazungumzo ya watoto. Katika miaka ya 1980 viziwi waliokuwa wamekua wakaunda chama chao wenyewe, CHAVITA. Mwaka 2004 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi ya lugha hiyo.

Sheria nazo zilifuata. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliagiza kukuzwa kwa lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi, ikaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake.

Msomaji atauliza: mambo haya yaingiaje katika mkusanyo wa insha za utamaduni wa taifa? Yanaingia kwa mlango wa mbele. Sisi ni mtunzi wa mashairi, na tumelelewa katika imani kwamba shairi ni sauti: vina vigongane, mizani itimie, mghani ainue koo. Kisha tukasoma habari za Clayton Valli, mshairi na mwanaisimu kiziwi wa Marekani, aliyeonyesha kwamba mashairi ya alama yana vina vyake. Umbo lile lile la mkono hurudi mwishoni mwa mshororo kama vile silabi irudivyo kwetu. Mwendo wa mikono una mizani yake. Tukauliza nafsi zetu: ni tungo ngapi zimetungwa bwenini Tabora na Buguruni ambazo hatukuziandika, kwa sababu hatukuzihesabu kuwa tungo? Taifa linalojivunia kuwaunganisha watu wake kwa lugha halina budi kuihesabu na hii kuwa mojawapo ya lugha zake.

Kile ambacho mtandao waweza kutoa

Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, shule za Tanzania, Kenya na Uganda zilifungwa. Tanzania ilizifungua zote mwishoni mwa Juni mwaka huo. Uganda ilingoja hadi Januari 2022 kuzifungua kikamilifu. Katika miezi hiyo masomo yalipitia redio, televisheni na mtandao. Mwanafunzi kiziwi aliyerudishwa kwao alipoteza mambo mawili kwa siku moja: darasa, na watu wa kuzungumza nao. Redio, kwa asili yake, haikuweza kumfikia. Hata barakoa, iliyokuwa kinga ya lazima, ilificha midomo na uso, na uso katika lugha ya alama ni sehemu ya sarufi: nyusi zikiinuliwa, sentensi huwa swali.

Hata hivyo mtandao una vipawa ambavyo redio haikuwa navyo, na yafaa tuvitaje kwa uwazi. Kwanza, hupeleka picha inayotembea, na kwa hiyo hupeleka alama zenyewe. Viziwi wa Mtwara na wa Mwanza waweza kuzungumza uso kwa uso kwa simu, jambo ambalo Bell hakuwapa. Pili, hupeleka maandishi pamoja na picha. Aliyepoteza usikivu ukubwani, ambaye hajui alama, husoma maneno ya mwalimu chini ya picha. Tatu, somo lililorekodiwa hurudiwa: mwanafunzi aliyekuwa akitazama ubao wakati mkalimani anaashiria aweza kurudi nyuma, kwani kiziwi hana macho manne. Nne, mkalimani mmoja aliye Dar es Salaam aweza kutumikia wanafunzi wa vyuo viwili vilivyo mbalimbali. Tano, kiziwi aweza kuwa mwalimu wa wenye kusikia. Chuo Kikuu cha Gallaudet hufundisha lugha yake ya alama kwa mtandao kwa watu wa nchi nyingi. Nchini Kenya kampuni ya eKitabu imetengeneza hadithi za watoto zinazosimuliwa kwa Lugha ya Alama ya Kenya. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinatukumbusha kwamba shahada ya masafa ni shahada.

Masharti

Lakini vipawa hivi vina masharti, na mwenye kuyapuuza atarudia kosa la kijijini kwetu kwa vyombo vya bei kubwa zaidi.

Sharti la kwanza ni lugha. Mtu asiyejua hudhani kwamba maandishi ya Kiswahili chini ya picha yanamtosha kila kiziwi. Kwa aliyezaliwa kiziwi Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili, aliyojifunza kwa jasho. Kumpa maandishi tu ni kama kumfundisha mtoto wa Sumbawanga kemia kwa Kifaransa na kumwambia kwamba herufi anazijua. Maandishi yawepo, na alama ziwepo. Nazo mashine zinazoandika maneno zilianza na Kiingereza. Makosa yake katika Kiswahili yasahihishwe na mtu kabla mwanafunzi hajaambiwa ayasome.

Sharti la pili ni gharama. Picha inayotembea hula kifurushi cha intaneti kuliko maandishi na kuliko sauti. Mtandao ukiwa dhaifu, msikilizaji hukosa picha akabaki na sauti; kiziwi picha ikiganda amekosa yote, maana mkono ulioganda hausemi neno. Kwa hiyo bei ile ile ya kifurushi kwa watu wawili si gharama ile ile. Masomo yaliyowekwa kwenye kadi au diski, yakasambazwa mashuleni, bado yana kazi yake.

Sharti la tatu ni utengenezaji. Mwalimu anayerekodi somo asimame kwenye mwanga, mikono na uso vionekane, asizungumze huku amegeukia ubao. Mkalimani asiwekwe kwenye pembe ya kioo, mdogo kama stempu. Mambo haya si ya gharama; ni ya kukumbuka tu. Na njia nyepesi ya kuyakumbuka ni kuwaweka viziwi wenyewe katika kamati ya kutengeneza masomo tangu siku ya kwanza, si kuwaita siku ya uzinduzi.

Sharti la nne ndilo kubwa. Mtandao usiwe kisingizio cha kufunga shule za viziwi, au cha kumwacha mtoto kiziwi nyumbani na simu mkononi. Kwa mtu mzima mwenye lugha, kama alivyokuwa Foster, masomo ya masafa ni mbawa. Kwa mtoto asiye na lugha bado, ni upweke wenye mwanga. Yeye anahitaji kwanza watoto wenzake, watu wazima viziwi, na wazazi waliojifunza alama hata chache. Hapo mtandao waweza kumsaidia mzazi kujifunza, na hiyo pengine ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Hitimisho

Tumeona kwamba kiziwi hakukosa elimu kwa kukosa akili, wala kwa kukosa sikio. Alikosa pale waliopanga elimu walipokuwa wamekwisha kuamua kwamba itapita mlango mmoja tu. Paris mlango wa pili ulifunguliwa na mtu aliyekubali kuwa mwanafunzi wa wanafunzi wake. Milan ukafungwa na watu wenye nia njema ambao hawakuuliza.

Mwalimu unayesoma makala haya, yawezekana darasani mwako yuko mtoto anayecheka nyuma ya wenzake kidogo. Mtazame. Nawe mwanafunzi, jifunze alama 20 katika likizo hii, uanze na jina lako na salamu. Hazihitaji kifurushi.

Mama yule wa kijijini kwetu alifariki zamani. Choo alichokichimba tulikiona kikisimama miaka mingi, imara kuliko vingi vya waliosikia kipindi chote. Alikuwa tayari kujenga taifa pamoja nasi. Alichotudai ni maelezo, nasi tukampa kiganja. Deni hilo halilipiki tena kwake. Lalipika kwa watoto waliopo sasa.